Njia ya Maji Hailaliwi

Lami inapokwisha kule juu Sharaf al-Alamayn, katika milima ya Omani, mimi huzima injini. Abiria wangu hudhani kuna kitu kimeharibika. Hakuna. Nashuka, naweka jiwe nyuma ya gurudumu, natoa kipimo cha upepo kwenye mfuko wa mlango, na naanza na tairi la mbele kushoto. Kutoka paundi 35 nalishusha hadi 25. Linafyonya, linatanuka tumbo kidogo, nahamia la pili. Kazi nzima haizidi dakika 10, na katika dakika hizo wageni husogea ukingoni wakatazama chini, na hapo ndipo wanaponyamaza. Chini yao, kiasi cha mita 1,000, mashamba ya mitende ya kijiji cha Balad Sayt yanaonekana kama kiraka cha kijani kilichoshonwa kwenye gunia. Njia ya kufika huko ni mkwaruzo mweupe ubavuni mwa jabali.

Nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, na Maskati nimekuja 1993. Miaka ya mwanzo nilikuwa fundi katika gereji za Wadi Kabir, nikishinda chini ya magari ya watu. Baadaye nikashika usukani mwenyewe, na tangu hapo kazi yangu ni kuwapeleka watu milimani: Wazungu, Wahindi, Waomani wa mjini, na kila mwaka jamaa wanaotoka Unguja, Mombasa na Dar es Salaam kuja kuwatembelea ndugu zao. Kiswahili hapa si lugha ngeni. Familia nyingi ziliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na nyingine zikaja baada ya Sultan Qaboos kushika nchi Julai 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi. Mpaka leo wako watu Maskati wanaogombana, wanaobembelezana na wanaolea wajukuu kwa Kiswahili.

Aliyenifundisha makorongo alikuwa mmoja wao. Kwao ni milima ya upande wa Rustaq, lakini alikulia Unguja dukani kwa baba yake na akarudi Omani akiwa mtu mzima. Nilimwita Ami, ijapokuwa hatukuwa na damu moja. Alinifundisha mambo mengi, ila yote yalikuwa tawi la jambo moja: dereva wa korongo hapimwi kwa kwenda, hupimwa kwa kusimama. Asimame wapi, lini, na kwa muda gani. Nimeendesha miaka yote hii na sijaona kosa kubwa la milimani ambalo halikuanza kwa mtu kukataa kusimama.

Kwanza tuelewane wadi, korongo la huku, ni kitu gani. Ni njia ya mto ambao siku nyingi za mwaka haupo. Jangwani mvua hainyeshi kwa zamu kama masika na vuli zetu. Inaweza kukosekana miezi minane, kisha ikamwagika jioni moja. Maji hayo yakishuka kwa maelfu ya miaka juu ya chokaa ngumu, hulichonga jabali mpaka likawa uchochoro wenye kuta za mamia ya mita. Milima hii ya Hajar inaanzia Musandam kaskazini na kupinda mpaka karibu na Sur, na kilele chake kirefu, Jebel Shams, kinafika kiasi cha mita 3,000. Kando yake kuna korongo la Wadi Nakhr. Ukisimama ukingoni, mbuzi walio chini huwaoni kabisa, kwa sababu chini ni mita 1,000 hivi. Na jiwe unalolikanyaga pale juu lilikuwa tope la bahari. Ami alizoea kuliokota jiwe lenye alama ya kombe na kumpa mtoto wa mgeni, akamwambia: "Hii ilikuwa pwani, mwanangu." Mtoto hucheka, lakini ni kweli. Nyingine kati ya milima hii, ile ya kahawia iliyoiva, ni sakafu ya bahari kuu iliyosukumwa ikapanda juu ya nchi kavu mamilioni ya miaka iliyopita, na wataalamu wa miamba hutoka pande zote za dunia kuja kuitazama, kwa kuwa mahali pengi imezama chini ya maji.

Barabara ni mambo ya juzi. Mwaka 1970 Omani nzima ilikuwa na kilomita kama 10 tu za lami. Ami alikumbuka punda wakipandisha mchele kutoka Rustaq, na wagonjwa wakishushwa kwa machela. Hizi njia za changarawe tunazopita sisi kwa starehe zilikatwa ili wanakijiji wafike hospitali na watoto wafike shule. Naomba hilo lisisahaulike. Ukikutana na pikapu kuukuu imebeba majani ya mbuzi na bibi kizee amekaa mbele, hiyo ndiyo yenye njia. Wewe umekuja kutembea.

Sasa twende.

Ukiacha lami, unaingia gea nzito. Katika Land Cruiser za zamani kuna kijiti cha pili kando ya gea ya kawaida. Gari linasimama kabisa, unakivuta, na kuanzia hapo injini inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Gari linatambaa, lakini lina nguvu ya kupanda ukuta. Faida kubwa zaidi iko kwenye kushuka. Mteremko wa kwenda kijiji cha Hatt ni mkali na una kona zinazojikunja kama utumbo, na dereva wa mjini huushuka mguu ukiwa juu ya breki. Baada ya dakika kadhaa anasikia harufu ya pamba inayoungua. Baada ya hapo pedali inakuwa laini, na baada ya hapo hana breki. Mimi nashuka kwa gea ya kwanza, nzito, mguu nimeuweka sakafuni mbali na pedali, na injini yenyewe inalishika gari kama mtu anavyomshika ng'ombe kwa kamba. Ikibidi kugusa breki, nagusa na kuachia.

Upepo wa tairi tumeupunguza kwa sababu mbili. Tairi lililojaa ni gumu, linaruka juu ya jiwe badala ya kulikumbatia, na likiruka halishiki. Tena tairi gumu likikutana na ncha ya chokaa hutoboka upesi, wakati lililolegea linajibonyeza likapita. Lakini ukilegeza kupita kiasi, tumbo linatoka nje na ubavu wa tairi unakuwa wazi kwa mawe, na ubavu ukichanika hakuna kiraka cha kuutengeneza. Kwenye mchanga wa Sharqiya watu hushuka mpaka 15. Kwenye mawe, mimi 25 ndiyo mwisho wangu. Nabeba tairi mbili za akiba, na pampu ya kuchomeka kwenye betri, maana anayeshusha upepo bila pampu ya kuurudisha atakuja kuingia barabara kuu na tairi zinazochemka.

Na jiwe lenyewe? Hapa ndipo ninapomtambua mgeni wa makorongo bila kumuuliza. Akiona jiwe kubwa njiani, analipitisha katikati ya magurudumu, akidhani ameliepuka. Lakini sehemu ya chini kabisa ya gari kama langu ni difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, na jiwe linakwenda kulikuta. Nimewahi kuvuta magari yaliyomwaga oili yote kwa kosa hili. Jiwe hupandwa. Unaliwekea gurudumu juu yake, polepole, gari linanyanyuka upande mmoja, difu inanyanyuka nalo, unashuka upande wa pili. Inatisha mara ya kwanza kwa sababu gari linalala. Liache lilale.

Kama huoni mbele, simama, shuka, utembee. Kila mahali pabaya mimi nimepatembea kwa miguu kabla ya kupaendesha, hata pale ninapopajua, kwa kuwa mvua moja hupanga mawe upya. Nasimamisha mtu mbele anionyeshe kwa mkono. Mtu mmoja tu, si watano. Watano wakionyesha, dereva hana wa kumfuata. Penye shimo tunapanga mawe na kulijaza, tukimaliza tunayaacha kwa atakayekuja. Pembamba, ambapo magari mawili hayapishani, anayepanda ndiye mwenye njia, kwa sababu kurudi nyuma ukiteremka ni kugumu kuliko kurudi nyuma ukipanda. Ndiyo ada ya hapa, na sijaona mtu wa milimani akiivunja.

Ukifika Balad Sayt, endesha taratibu kabisa au, bora zaidi, acha gari nje. Mitaa yake ni ya miguu na punda. Nyumba zimepandana juu ya mwamba ili ardhi yote nzuri ibaki kwa mitende na majani ya mifugo, na maji yanaletwa na falaj, mfereji mwembamba unaoshuka kutoka chemchemi kwa mteremko mdogo mno usiouona kwa jicho. Omani kuna maelfu ya mifereji hii na mitano kati yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kila shamba lina zamu yake ya maji. Nimeona wageni wakitumbukiza miguu yenye vumbi na sabuni humo. Yale ni maji ya watu ya kunywa na ya kumwagilia. Usiingize mguu, usiwapige picha wanawake, na ukikaribishwa kahawa na tende, kaa unywe. Kuondoka mbio ni utovu wa adabu, na safari yenyewe haina haraka hiyo.

Kutoka hapo njia inateremka ndani ya wadi yenyewe. Pana mahali bondeni penye uwanja wa mpira, wa kijani, umezungukwa na majabali pande zote, na jioni utawakuta vijana wa vijiji vya jirani wanacheza. Wageni wangu kutoka Unguja hapo lazima washuke. Mbele zaidi kuta zinakaribiana, anga inakuwa mstari, na njia ya gari na njia ya maji vinakuwa kitu kimoja. Unaendesha ndani ya mlizamu. Nasema mlizamu kwa kusudi. Lifikirie paa la mabati la nyumba kubwa, halina mchanga wala majani ya kunyonya tone. Mvua ikinyesha, maji yote ya paa zima yanakutana kwenye mlizamu mmoja. Milima ya Hajar ndiyo hilo paa, miamba mitupu kilomita kwa kilomita. Wadi ndiyo mlizamu. Na sisi tunataka kutandika mkeka humo.

Hapo ndipo nataka kukaa kidogo.

Ilikuwa mwezi wa Machi, zamani, nikiwa bado mwanafunzi wa Ami. Dada yangu alikuja kutoka Unguja na mumewe na watoto watatu, nasi tukawachukua kulala milimani, gari mbili, Ami mbele na mimi nyuma na Land Cruiser yangu ya kwanza, niliyoinunua kwa akiba ya miaka sita ya gereji. Tuliingia tawi moja la wadi saa kumi za jioni. Katikati palikuwa na mchanga mweupe, laini, tambarare kama baraza iliyofagiliwa, na kando yake kidimbwi cha maji safi. Watoto wakaruka nje kabla gari halijasimama. Shemeji akaanza kushusha mikeka.

Ami hakushuka. Alitoa kichwa dirishani akatazama juu, akatazama mti wa mkunazi ulioota ukutani, kisha akasema, "Shemeji, hapa hatulali."

"Mbona pazuri, Ami? Mchanga wenyewe kitanda."

"Nani kakitandika?"

Shemeji hakuwa na jibu. Ami akamshika mkono akampeleka kwenye ule mkunazi. Katika matawi, juu ya vichwa vyao wote wawili, kulikuwa na kitita cha majani makavu ya mtende, vijiti, kipande cha wavu na kandambili moja ya plastiki, vimekazwa pamoja kama kiota. "Hakuna ndege aliyejenga hiki," akasema. "Maji yalifika hapa. Njia ya maji hailaliwi."

Tukapanda. Palikuwa na kiinuko cha changarawe ya zamani upande wa kulia, kiasi cha hatua 40 juu ya mchanga, kina migunga mikubwa na mawe yenye ukungu mweusi wa jua, ishara kwamba hayajasogezwa na kitu miaka mingi. Palikuwa na mawe ya kuumiza mgongo, hapakuwa na kidimbwi, na kila ndoo, kila sufuria ilibidi ibebwe. Dada alinung'unika. Ami alipandisha gari lake mpaka juu, akaligeuza likatazama njia ya kutokea. Akaniambia nami nipandishe langu. Nikasema nitapandisha baada ya kula. Tulichoma mishkaki, na neno hilo Omani ni lile lile, tukanywa chai, watoto wakahesabu nyota mpaka wakasinzia. Anga ilikuwa safi kabisa. Kaskazini tu, mbali nyuma ya mlima, kulikuwa na mwanga unaomemeteka bila sauti. Nilichoka. Nikalala.

Kilichoniamsha ni ukimya. Vyura wa kidimbwini walikuwa wakilia tangu magharibi, na ghafla hakulia hata mmoja. Kisha ukaja upepo wa baridi kutoka juu ya wadi, si kutoka angani, ukinukia udongo uliolowa na mavi ya mbuzi. Ami alikuwa amekwishakaa. "Shuka ukachukue gari," akasema, halafu papo hapo akanishika bega. "La. Usishuke." Tukasikia mngurumo kama wa malori mengi yanayopanda mlima kwa gea moja, na ndani yake sauti nyingine, nzito, mfululizo: gu, gu, gu. Ni majabali yanayogongana chini ya maji.

Kwa tochi nililiona furiko likija. Mtu wa pwani anatarajia wimbi. Hili halikuwa wimbi, lilikuwa ukuta wa taka, makuti, vigogo, chupa, povu la rangi ya chai ya maziwa, unaosonga kwa mwendo wa mtu anayekimbia, na maji yenyewe yako nyuma yake yameinuka zaidi. Liliufunika mchanga wetu mweupe kwa muda wa kusema jina la mtu. Gari langu likasimama imara kitambo kidogo, nikadhani litashinda. Kisha taa zikawaka zenyewe, honi ikaanza kulia, waya zimeingia maji, likageuka upande taratibu kama jahazi linalotafuta upepo, likaenda. Honi ile niliisikia mpaka ilipopinda kona. Hapakuwa na tone la mvua lililotuangukia.

Asubuhi saa mbili maji yalikwisha kushuka mpaka magotini. Mchanga mweupe ulikuwa umerudi, umefagiliwa upya, tambarare, mzuri kuliko jana. Gari tulilikuta kilomita mbili chini, limebanwa kati ya majabali, halina paa.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari ya Antelope Canyon, huko Arizona, Marekani. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa ndani ya ufa ule mwembamba wa miamba kwa mvua iliyonyesha mbali juu yao. Nikasema, ni usiku ule ule. Na Wakenya wanaijua habari hii kwao. Aprili 2012 watu saba wa kundi la kanisa walikufa maji katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, na Septemba 2019 maji yakaua tena palepale. Hapa Omani, Aprili 2024, wanafunzi walichukuliwa na wadi huko Samad al-Shan wakiwa ndani ya gari wakitoka shule. Nchi ilizizima. Kila mtu hapa anajua ukame unaua, lakini ninaowasikia wakizikwa kila mwaka ni waliouawa na maji.

Hesabu yake si ngumu. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuchukua gari dogo, na 60 zinachukua gari kubwa kama langu, kwa kuwa gari limejaa hewa na kabla ya kusukumwa hunyanyuliwa kwanza. Kwa hiyo ukikuta wadi inatiririka maji ya rangi ya udongo, simama. Zima. Teremsha chai. Mengi ya mafuriko haya hupungua baada ya saa chache. Sheria ya Omani inamhesabu mkosaji anayejitosa na gari ndani ya wadi inayokwenda, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, kwani akizama yeye, wengine watalazimika kuingia kumtoa.

Msimu wa kulala nje ni Oktoba mpaka mwanzo wa Aprili. Kiangazi usijaribu, bondeni joto hupita nyuzi 45, na mawe yanalihifadhi mpaka usiku wa manane. Juu Jebel Shams, kinyume chake, usiku wa Januari maji huganda kwenye ndoo, na kila mwaka namwona mgeni wa Dar amekuja na shuka moja. Mvua za baridi huja kati ya Desemba na Aprili, lakini hata kiangazi mawingu hujikusanya juu ya Hajar mchana na kumwagika alasiri. Ndiyo maana utabiri ninaousoma kabla ya kuondoka si wa mahali ninapokwenda kulala, ni wa vilele vilivyo juu yake.

Vifaa sitavitaja vyote. Maji ya kunywa lita tano kwa mtu kwa siku, na siku moja ya ziada ambayo haiguswi. Mafuta jaza tangi mjini Al Hamra au Rustaq, maana gea nzito inakunywa. Sepetu, kamba ya kuvutia iliyo nzima, pingu zake za chuma, jeki na ubao wa kuweka chini yake, kwa sababu jeki juu ya changarawe huzama. Simu haishiki ndani ya kuta, kwa hiyo nyumbani aachiwe mtu jina la wadi na saa ya kurudi, na asipokusikia ajue wa kumpigia. Nenda gari mbili. Makaa nunua mjini. Mgunga wa jangwani huchukua umri wa mtu kukua, na kuukata kwa ajili ya kuchemsha chai ni dhambi machoni pangu. Asubuhi kung'uta viatu, nge hupenda joto la kiatu. Na takataka zako zirudi na wewe, mpaka maganda ya machungwa.

Ami amefariki. Amezikwa kwao, kwenye kilima, juu ya wadi. Njia zake nyingi nimezipita peke yangu, nyingine zimetiwa lami, nyingine dhoruba ya Shaheen ya Oktoba 2021 ilizifumua na zikakatwa upya. Mawe yamehama. Lile tawi la wadi nimelirudia mara nyingi, na mara nyingi nimekuta vijana wa mjini wametandika pale pale mchangani, kando ya kidimbwi, wamewasha muziki. Huwa nasimama, nawasalimu, nakunywa chai yao, kisha nawaomba waje nami hatua chache tuutazame ule mkunazi. Baadhi hukasirika kidogo. Wengi hukunja mikeka.

Nawe msomaji, kama uko Marsabit au Turkana unavuka laga, ndiyo wadi ya kwenu, kila wiki, kama unawapeleka wanafunzi Hell's Gate, kama una korongo nyuma ya nyumba yako Arusha, nakuomba jambo moja. Kabla hujatandika, simama uinue macho kwenye matawi na kwenye nyufa za jabali. Tafuta kijiti, kuti, mfuko wa plastiki ulionasa mahali pa juu kabisa. Kisha panda mpaka upite hapo, na gari lako ulipandishe saa hiyo hiyo, kabla ya kula.